Matope ya Kinangop kwa Gari la Sentimita 17

Msimu wa Safari Rally ukifika, simu yangu hujaa picha za aina moja: Vasha. Subaru zimepangwa mstari, nyama iko kwa moto, msee amevaa majaketi mawili juu usiku wa Naivasha hauna huruma, halafu labda sekunde nne za gari la mashindano likipita ndani ya vumbi. Mimi sina ubaya na hiyo sherehe. Nimeenda mara mbili, na mara ya pili sikuona gari hata moja, niliona tu mgongo wa jamaa mrefu aliyesimama mbele yangu. Lakini mwaka huu doo ya Vasha haikuwepo. Yote ilikuwa imeenda kwa sanduku.

Sanduku lenyewe ni dogo kuliko la viatu. Lilitoka Japani, likakaa njiani wiki tano, nikalichukua posta pale Kenyatta Avenue na kutembea nalo katikati ya tao hadi steji, nimelikumbatia kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Konda akaniuliza nimebeba nini cha siri hivyo. Nikamwambia ni gari. Alicheka hadi Westlands.

Lakini sikumdanganya. Ndani kulikuwa na Datsun 240Z ya plastiki, ya kujiunganishia, kutoka kampuni ya Hasegawa, kwa kipimo cha 1/24. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita nne na kitu, kwa hivyo hili likiisha linafika kama sentimita 17, limezidi biro kidogo tu. Juu ya sanduku kuna picha ya gari jekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, na maandishi kwamba hili ndilo lililoshinda Safari ya 1971.

Nilikaa na hiyo picha kwa muda. Mimi ni mtoto wa Uthiru. Nimepanda mathree za Waiyaki Way maisha yangu yote, barabara ile ile ya kwenda Naivasha. Na gari lililoshinda mashindano makubwa zaidi ya nchi yangu nimelijua kupitia sanduku la Wajapani. Huko kwao kuna watu wanalijua hadi nati ya mwisho. Hapa kwetu, uliza msee wa rika langu Safari Rally ilianza lini, wengi watakuambia 2021.

Basi nikaamua nikilijenga, nalijenga na historia yake yote. Nilidhani itachukua wikendi mbili. Ilichukua miezi mitatu, na sehemu ngumu haikuwa plastiki.

Kwa wale hawajawahi kuona hivi vitu: ukifungua sanduku hupati gari. Unapata fremu za plastiki, na kwa kila fremu vipande vimeshikana kama matunda kwenye tawi. Usukani mdogo kuliko ukucha. Viti viwili. Rimu nne. Kila kipande kina namba, na kuna karatasi ya michoro ya kukuonyesha 14 inaingia wapi kwa 22. Unakata (mimi nilitumia kikata kucha cha mathe), unasugua na msasa, unapaka rangi, unagundisha. Gundi yake si ya kawaida, inayeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Mimi nikajifanya mjuaji, nikatumia supagluu kwa vioo. Mvuke wake uliacha ukungu mweupe kwa windiskrini yote, gari likakaa ni kama limeegeshwa Limuru saa kumi na moja alfajiri. Hiyo haitoki. Iko hadi leo.

Rangi nayo nilikosea, na hapo sina wa kulaumu. Nilirusha nyekundu ya mkebe moja kwa moja bila praima, plastiki ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Nikasugua yote. Nikaanza upya. Wiki mbili zikaenda hivyo, na ndani ya hizo wiki mbili, nikingoja rangi ikauke, ndio nilisoma.

240Z ilizinduliwa Oktoba 1969. Silinda sita kwa mstari, injini ya lita 2.4, pua ndefu, nyuma fupi. Ilikuwa na sura ya gari ghali la Ulaya kwa bei ambayo mwalimu angeweza kuifikiria. Kwao Japani iliitwa Fairlady, jina lililotoka kwa mchezo wa jukwaani wa Marekani ambao mkubwa wa Nissan aliupenda sana. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko Marekani, aliona hakuna mtu atanunua gari la mbio linaloitwa Bibi Mrembo, akaling'oa hilo jina na kubandika 240Z, namba ya kiwandani tu. Mimi nadhani angeacha. Lakini si mimi nilikuwa nauza.

Sasa, mbona Nissan walete gari zuri hivyo lije kuvunjwa huku? Kwa sababu Safari ndiyo ilikuwa mtihani. Wakati huo haikuwa mizunguko mifupi iliyofungwa kama ya leo. Ilikuwa siku kadhaa za Pasaka, maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, na barabara hazikufungwa. Unakuja na mwendo wa kufa mtu, mbele yako kuna lori la kabichi, nyuma ya lori kuna mbuzi. Na Pasaka ni msimu wa masika. Mwaka wa 1963 magari saba pekee ndiyo yalimaliza. Mwaka wa 1968, tena saba. Miaka hiyo miwili ilishindwa na watu wale wale, Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Kama babako aliwahi kukuambia Peugeot haifi, hilo neno halikuanguka kutoka mbinguni.

Kuna kitu kimoja kilinishika zaidi. Tangu mashindano yaanze mwaka wa 1953 hadi 1971, hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Hata mmoja. Mabingwa wa Ulaya walikuja na timu, na pesa, na mafundi, wakaachwa kwa matope na watu wanaoishi hapa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda 1965 na Volvo akielekezwa na ndugu yake Jaswant, halafu akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Ukiishi hapa unajua mto gani hufurika saa ngapi. Unajua udongo mweusi ukinyeshewa usiuguse breki. Bingwa wa Ulaya angeyajifunzia wapi?

Edgar Herrmann pia alikuwa mwenyeji kwa namna hiyo, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Alishinda 1970 na Datsun 1600 SSS, halafu 1971 na 240Z, hii namba 11 yangu, akielekezwa na Hans Schüller. Wajapani walikuwa washaishika Safari kwa mikono miwili. Mwaka wa 1969 walikuwa wametoa filamu nzima kuihusu, nyota akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa kwao. Gari lenyewe la 1971 hawakulitupa wala kulinyoosha. Liko kwenye jumba la Nissan mji wa Zama, bado na mibonyeo yake.

Lakini aliyemaliza nafasi ya pili 1971 ndiye aliyenifanya niache kusugua plastiki kwa siku mbili. Alikuwa Shekhar Mehta, kwa 240Z nyingine. Mtoto wa Uganda, familia ya mashamba, amezaliwa 1945. Mwaka uliofuata, 1972, Hannu Mikkola wa Ufini akaja na Ford Escort akawa mgeni wa kwanza kushinda Safari. Na Agosti mwaka huo huo Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Familia ya Mehta ikakimbilia Kenya.

Pasaka ya 1973, Mehta akarudi barabarani na 240Z. Huu ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia, na Safari ilikuwa ndani. Mwisho wa siku zote hizo na matope yote hayo, yeye na Harry Källström wa Sweden, Datsun pia, wakatoka sare ya alama za adhabu. Sare kabisa. Ikabidi waangalie ni nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta. Mwelekezi wake alikuwa Lofty Drews. Baadaye Mehta akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha tano, rekodi ya Safari ambayo hakuna aliyeipita.

Fikiria hiyo hesabu. Agosti umeambiwa huna nchi. Pasaka inayofuata unashinda kwenye nchi ya jirani, na unashinda kwa sababu ulikaa safi kidogo zaidi kuliko mwenzako. Halafu leo msee anasema "hiyo zamani ilikuwa ya wazungu na Wahindi" ni kama amemaliza mjadala. Mimi hiyo sentensi huniudhi. Si uongo kabisa, ukiangalia orodha ya washindi wa miaka hiyo hutaona Kamau wala Otieno. Lakini kuna mtu amezaliwa Kericho ndani ya hiyo orodha, na kuna mkimbizi.

Hapo ndipo nilimpelekea guka gari.

Guka anaishi nyumba ya nyuma kwa ploti yetu. Ujana wake alikuwa tanboi wa lori, wakibeba kabichi na viazi kutoka Kinangop kuleta Nairobi. Nilikuwa nimemaliza bodi, nyekundu imeng'aa, stika za maji zimekaa, namba 11 iko mahali pake, vyuma vya kukinga taa viko mbele. Nilijua atashangaa. Akalichukua, akaliinua hadi karibu na jicho lake zuri, akalizungusha.

"Hii ni ya wapi?"

"Ni ile ya Safari, guka. Ya 1971."

"Hii ni ya duka," akasema, akanirudishia. "Ile haikuwa safi hivi. Ile hukujua kama ni nyekundu."

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia miaka hii yote, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Kwamba Pasaka moja, yeye na wenzake walisukuma Datsun kutoka kwa matope huko Kinangop. Usiku. Kwamba waliisikia kabla ya kuiona, halafu wakaona taa, halafu taa zikasimama. Kwamba walikuwa kama watu kumi, na dereva hakuzima injini, na magurudumu ya nyuma yaliwarushia matope hadi mdomoni. Na kwamba ilipotoka, ilienda. Haikusimama kusema asante.

"Ilikuwa mwaka gani?"

Hakumbuki. 71 ama 73. Namba? Ilikuwa matope, namba utaona wapi? Dereva? Alikuwa na kofia ngumu. "Mtu mwenye kofia ngumu wote ni ndugu," akasema.

Nilitafuta. Niliangalia kila picha niliyoweza kupata. Hakuna picha ya watu kumi wa Kinangop usiku. Niseme tu wazi: siwezi kuthibitisha hadithi ya guka, na sitajifanya naweza. Kinachoniuma ni kwamba najua kipenyo cha rimu za hiyo gari, najua injini yake hadi sentimita ya ujazo, ambayo ni 2,393, najua jina la mwelekezi, na sina jina hata moja la mtu aliyeisukuma. Sanduku halina. Karatasi ya michoro inaanzia fremu A, na hakuna fremu ya watu wa kando ya barabara.

Siku nyingine nilimuuliza kama kila mtu alikuwa akishangilia. Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, wengine walirusha mawe.

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Akasema wengine ilikuwa ujinga wa vijana tu. Wengine mbuzi wao alikuwa amegongwa. "Na wengine," akasema, "walikumbuka ilianza namna gani."

Ilianza hivi. Mwisho wa Mei 1953, siku chache kabla ya Elizabeth kuvishwa taji London tarehe 2 Juni. Ndiyo maana jina la kwanza lilikuwa East African Coronation Safari. Madereva walikuwa wanamsherehekea malkia kwa kukimbiza magari Kenya, Uganda na Tanganyika. Na wakati huo Kenya ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952. Mwezi wa Machi 1953 watu waliuawa Lari, mwendo wa lori tu kutoka hapa kwetu. Tarehe 8 Aprili, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Anvil, mitaa ya Nairobi ikazingirwa, maelfu wakabebwa kwenda kwa kambi. Baba yake guka alikuwa mmoja. Alipelekwa Manyani.

Guka mwenyewe alikuwa mtoto mdogo sana, hakumbuki. Anakumbuka alichoambiwa na mama yake: kwamba kutoka kijijini kwenda mjini ulihitaji karatasi, na karatasi unaweza kunyimwa. Sasa weka hivyo vitu viwili pamoja. Mtu mmoja anapita nchi tatu kwa mbio, kwa raha, na anapewa kombe. Mwingine hawezi kutoka Kiambu kwenda River Road bila ruhusa ya afande.

Nilipoelewa hiyo, niliacha kuona Safari kama hadithi ya magari. Naiona kama hadithi ya barabara, na ni nani anaruhusiwa kuipita. Kenyatta yule yule wa Kapenguria alikuja kuwa Rais na kuwapungia madereva bendera. Jina la malkia likatolewa 1960. Mwafrika aliyekuwa amesimama kando akaanza kuingia ndani ya gari, polepole sana, aibu hata. Wazee wetu wanamkumbuka Patrick Njiru na Subaru. Mwaka wa 1994 alimaliza wa nne, na ukimtaja kwa mzee yeyote wa miaka hamsini hapa Kangemi atakunyamazisha ili akusimulie. Mipaka nayo ikawa migumu, nchi tatu zikabaki moja. Baada ya 2002, mwaka Colin McRae aliposhinda, ikatolewa kabisa kwenye ubingwa wa dunia, na ikachukua miaka 19 kurudi. Iliporudi Juni 2021, ikiondokea KICC, Sébastien Ogier akashinda, na kati ya madereva wetu chipukizi kulikuwa na mmoja anayeitwa McRae Kimathi. Ndiyo, amepewa jina la yule Mskoti. Na jina lake la pili nadhani sina haja ya kueleza kwa mtu aliyewahi kupita karibu na sanamu ya Dedan Kimathi pale tao. Angalia hayo majina mawili kwa mtu mmoja. Kwangu mimi yanasimulia historia ya Safari kuliko kombe lolote.

Turudi kwa meza.

Guka alikuwa amesema gari ni safi mno, kwa hivyo nikaamua kulichafua. Watu wa modeli hununua poda za rangi ya matope, zinaletwa kwa vikopo vidogo, bei yake ni wazimu. Nani ananunua matope akiwa Uthiru? Nikachota udongo mwekundu nyuma ya choo, nikaukausha juani, nikauchekecha na kichungi cha chai cha mathe (tuliongea, imeisha), nikachanganya na maji na gundi nyeupe kidogo, nikapaka kwa madigadi na chini ya milango. Ilitoka moto. Mwekundu juu ya mwekundu. Nikampelekea guka.

"Huo ni udongo wa hapa," akasema.

"Eeh, wa hapo nyuma."

"Kinangop si mwekundu. Kinangop ni mweusi-mweusi, unashika kama ugali haujaiva. Kama ilikuwa huo wa hapa, tungesukuma kumi kwa nini? Wawili wangetosha."

Nilikasirika, nitasema ukweli. Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nishapiga picha. Na hata hivyo yeye mwenyewe hajui kama ni 71 ama 73, sasa ananikosoa rangi ya matope? Nililala na hiyo hasira. Asubuhi nikaona hoja yake. Mwaka hakumbuki kwa sababu mwaka haukumgusa. Matope yalimwingia mdomoni.

Sikuwa na nauli ya Kinangop. Lakini Jumamosi nikashuka soko la Kangemi, kwa wale mama wa viazi, nikauliza ni nani ana vya Kinangop. Mama mmoja akanionyesha gunia. Nikamwambia nataka kilo mbili na asinitolee udongo. Akaniangalia vibaya. Akaniuliza kama nimetumwa ama ni mimi nimefikiria. Nilipomweleza, akaita mwenzake, "Kuja usikie huyu," na mwishowe akanikung'utia chini ya gunia, nikapata mfuko mzima, bure. Viazi tulikula. Udongo nilikausha.

Ni kweli. Ni mweusi-mweusi, na ukilowa unashika.

Nilisugua ule wa Uthiru wote, karibu, umebaki kidogo ndani ya pembe za rimu ambapo mswaki haufiki. Nikapaka wa Kinangop, mwingi, hadi namba 11 ikabaki moja na nusu. Ukiliangalia sasa, kama hukuambiwa huwezi kujua ni jekundu.

Nilipolipeleka mara ya tatu, guka hakusema kitu. Aliingia ndani, akakaa sana, nikadhani amelala. Akatoka na koleo na waya, ile ya kufungia ua. Hapa niwakumbushe kitu: sisi tulikuwa tunajenga modeli kitambo kabla ya sanduku lolote kufika posta. Gari la waya, magurudumu ya malapa yaliyokatwa, usukani mrefu hadi kifuani, unakimbia nalo barabara yote ukitoa sauti ya injini kwa mdomo. Ya paketi za maziwa kwa wale wadogo. Guka alinitengenezea la kwanza nikiwa na miaka mitano, pikapu, na milango ilikuwa inafunguka. Vidole vyake sasa vinatetemeka lakini koleo linajua kazi.

Nilikuwa nimemwambia kipimo: gawa kwa 24. Mtu wa kawaida anakuwa sentimita saba. Alipinda mtu wa sentimita saba, miguu imechimba, mgongo umelala, mikono mbele. Bila uso. Tuliweka gari kwenye kipande cha mbao, matope yakazunguka magurudumu ya nyuma, na mimi nikamsimamisha yule mtu katikati kabisa, viganja juu ya buti, picha imekamilika.

Guka akamtoa.

"Katikati hapo unapata eksozi yote," akasema. Akamsogeza hadi upande wa kulia, karibu na taa ya nyuma, akamkandamiza kwa matope hadi magotini. "Mimi nilikuwa hapa. Hapo ulipoweka wewe alikuwa Mwangi."

Halafu akachukua waya tena, akaanza kupinda Mwangi.